Simu ya Saa Nane Usiku: Mwongozo kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Mbeya na Iringa

Ofisi ya serikali hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Mtoto hapigwi kwa kufuata saa za ofisi. Kama umepangiwa kata au halmashauri yoyote ya mikoa hii miwili, iwe Ilomba, Rujewa, Kihesa au Kilolo ndani, jua mapema kwamba mashauri mazito yatakufuata nyumbani kupitia simu yako mwenyewe, na mara nyingi utakuwa umeshapanda kitandani.

Mwongozo huu ni wa saa hizo: tangu mtendaji anapokupigia hadi unapokabidhi shauri asubuhi. Haukufundishi ustawi wa jamii upya. Hayo umeyasoma chuoni.

Kwa nini usiku una kanuni zake

Usiku mtuhumiwa yuko nyumbani, na mara nyingi ameshalewa. Wenye mamlaka ya kuamua wamelala. Katikati ya hayo, ukoo uko macho. Ukisema "nitakuja asubuhi" kwa shauri lisilosubiri, utafika ukute nguo za mtoto zimefuliwa na ziko kwenye kamba, mjomba ameshaita kikao, na mtuhumiwa yuko kwenye basi la Tunduma.

Kwa hiyo kazi ya usiku si kumaliza shauri. Ni kumfikisha mtoto asubuhi akiwa salama, ametibiwa, ushahidi haujaharibiwa, na hakuna aliyepatana lolote kwa niaba yake. Mengine yote (chanzo cha ugomvi wa wazazi, nani alee, nani alipe ada) yana mchana wake. Afisa mgeni hukosea hapa kuliko popote: anataka kutatua ndoa ya watu saa tisa usiku, huku mtoto anatetemeka kwenye kona ya sebule.

Kabla jua halijazama

Usiku hutapata muda wa kujuana na mtu. Atakayekusaidia saa nane usiku ni yule mliyekunywa naye chai saa nne asubuhi. Wiki yako ya kwanza kituoni, fanya haya:

1. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la kituo chako cha polisi, ujitambulishe. Kisha nenda na kaunta, kwa askari wa zamu, kwa sababu usiku hao ndio utakaowakuta. Mjue pia polisi kata wako.
2. Nenda hospitali: Rufaa ya Kanda pale Mbeya, Rufaa ya Mkoa pale Iringa, au hospitali ya wilaya yako. Uliza usiku mtoto aliyefanyiwa ukatili anapokelewa mlango gani, nani anampima, na dawa za PEP (za kuzuia maambukizi ya VVU) zinawekwa wapi duka la dawa likishafungwa. Usiridhike na jibu "zipo". Uliza nani ana ufunguo.
3. Kusanya namba za watendaji wa mitaa, vijiji na kata zako, na za wajumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Kamati hizi ziliwekwa na MTAKUWWA, mpango wa taifa ulioanza mwaka 2017. Zipo zinazofanya kazi na zipo za kwenye makaratasi. Jua yako ni ipi.
4. Uwe na walezi wa kuaminika wasiopungua wawili waliokwisha kuchunguzwa na kuandaliwa, na uwe na uhakika kwamba mmoja wao hupokea simu usiku.
5. Tafuta dereva. Kama halmashauri haina gari la usiku, patana mapema na mwenye teksi au bajaji unayemfahamu, na mkuu wako ajue gharama zitarudishwaje.

Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana. Wananchi wako waijue, nawe uijue: huenda ndiyo itakayokuletea taarifa kabla ya mtendaji wako mwenyewe.

> BEGI LA ZAMU
> ☐ Kitambulisho cha kazi
> ☐ Daftari lenye kurasa za namba, kalamu mbili
> ☐ Tochi, na simu ya akiba yenye laini ya mtandao mwingine (milima ya Kilolo na Rungwe haijali vocha uliyoweka)
> ☐ Mifuko ya karatasi ya kaki, mikubwa kwa midogo
> ☐ Blanketi, khanga, sweta la mtoto. Juni na Julai Mbeya na Mufindi baridi si mchezo
> ☐ Maji, biskuti, nepi, pedi
> ☐ Pesa taslimu ya nauli ya kwenda na kurudi

Simu inapolia

Anayepiga ana hofu, atakusimulia kuanzia mwaka juzi. Mkatize kwa heshima: "Nakusikia mama, nitakusikiliza yote. Kwanza nijibu machache." Kisha uliza kwa mpangilio huu:

1. Mtoto yuko wapi sasa hivi, na yuko na nani?
2. Ameumia? Anatoka damu, anapumua vizuri, ana fahamu?
3. Anayetuhumiwa yuko hapo? Amelewa? Ana silaha?
4. Kuna watoto wengine ndani ya nyumba hiyo?
5. Nyumba iko wapi hasa?

Swali la tano usiliache liende kirahisi. Mbeya ina makanisa mengi kiasi kwamba "nyuma ya kanisa" si anwani. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina kibao cha namba na mitaa ina majina. Mwombe amulike kwa simu akusomee. Andika saa aliyopiga. Usimlazimishe kutaja jina lake kama hataki, ila mkumbushe kwamba hafanyi umbea. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa.

> USIKU HUU HUU AU ASUBUHI?
> *Ondoka sasa:* ukatili wa kingono uliotokea karibuni. Jeraha, kuungua au sumu. Mtoto mdogo aliyeachwa peke yake au aliyetupwa. Mtoto ambaye anayemwumiza bado yuko naye. Mtoto aliyesema atajidhuru. Mtoto aliyekutwa stendi au barabarani bila mtu wake.
> *Inaweza kusubiri:* baba na mama waliotengana wanaogombania mtoto anayelala salama, matunzo yasiyolipwa, mtoto aliyechapwa ambaye tayari yuko kwa shangazi na hana jeraha. Hapa piga simu, zungumza na huyo shangazi mwenyewe, weka miadi ya asubuhi, andika.

Baba anayepiga saa sita usiku kudai mtoto wake arudishwe "leo hii" mara nyingi ana ugomvi na mama mtu. Mjibu kwa upole, mpe saa ya kufika ofisini, ukate simu.

Njiani

Usiende peke yako. Hili halina "lakini". Nenda na mtendaji, polisi kata au mjumbe wa kamati, na mmoja wenu awe mwanamke kama mtoto ni wa kike. Mtumie mkuu wako ujumbe: unakwenda wapi, na nani, saa ngapi. Kama mtuhumiwa ana silaha au watu wameshaanza kukusanyika kwa hasira, polisi watangulie. Wewe ngoja mahali penye mwanga. Mtuhumiwa akiuawa na wananchi, mtoto anabaki na mzigo wa pili, na kesi yake imekufa pia.

Bodaboda ya kwenda inakubalika. Kurudi ukiwa na mtoto, tafuta gari au bajaji, na awepo mtu mzima wa pili.

Mlangoni

Katika mikoa hii watoto wengi wanalelewa na bibi. Iringa, pamoja na jirani yake Njombe, ni miongoni mwa mikoa iliyoumizwa sana na UKIMWI, na wajukuu ndio waliobaki. Unaweza kumkuta bibi wa miaka sabini na wajukuu watano, na mwanawe mmoja anayerudi kutoka kilabuni akiwa hajijui. Msimu wa ulanzi, mvua zikiwa zimekolea, simu za watoto walioachwa peke yao au waliopigwa na walevi huongezeka. Ukiwa Iringa ujipange kwa miezi hiyo.

Usiingie na sheria mkononi. Anza na "Shikamoo bibi." Ukiweza "Kamwene" kwa Wahehe au "Ugonile" kwa Wanyakyusa, utaona mlango unafunguka zaidi. Omba kukaa. Kisha sema ulichojia bila kuzunguka: "Bibi, nimeambiwa mjukuu wako ameumia. Sikuja kukushitaki. Nimekuja nimwone, tujue analalaje leo." Hapo huombi ruhusa ya kumwona mtoto, unampa bibi nafasi ya kukuruhusu. Kuna tofauti.

Wakati mwenzako anaongea na wakubwa, macho yako yafanye kazi. Watoto wako wangapi, na wote unawaona? Wanalala wapi? Kuna jiko la mkaa linalowaka chumbani? Wakati wa baridi watu huliingiza ndani na kufunga madirisha, na hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Litolewe nje kabla hujaendelea na neno lingine. Umekuja kwa ajili ya mtoto mmoja, lakini wanne waliobaki pia ni wako.

Kisha mtoto. Shuka chini, uwe chini ya macho yake. Mwambie jina lako na kazi yako: "Naitwa dada fulani. Kazi yangu ni kuangalia watoto wawe salama. Hujakosea kitu." Mpe maji. Mpe blanketi. Halafu maswali machache tu: unaumwa wapi, nani alikuumiza, unaogopa kulala wapi. Basi.

Usimhoji. Kila mtu mzima anayemrudisha mtoto kwenye simulizi lile lile analichanganya, na siku ya mahakamani wakili atauliza nani alimfundisha. Sheria ya Ushahidi, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema ukweli. Maneno yake mwenyewe yana uzito. Yaandike kama alivyoyatamka, hata kama ni ya kitoto, hata kama ni Kisafwa au Kihehe, kisha ndipo uweke tafsiri pembeni. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", andika hivyo hivyo. Usimsahihishe kwa lugha ya kitabu. Mkalimani asiwe ndugu wa mtuhumiwa.

Na usimwahidi siri. Mtoto akikuambia "usimwambie mtu", jibu: "Nitawaambia wale tu watakaotusaidia, na nitakuambia kabla sijawaambia."

Ukatili wa kingono: hapa saa zinahesabika

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Msichana aliyevunja ungo anahitaji pia kinga ya mimba mapema iwezekanavyo. Ndiyo maana shauri hili halisubiri mapambazuko.

1. Asiogeshwe, asibadilishwe nguo. Mama atakuwa ameshachemsha maji. Hiyo ndiyo silika ya mama yeyote, usimfokee. Mweleze sababu.
2. Kama nguo zimeshabadilishwa, kila nguo iingie mfuko wake wa karatasi. Mfuko wa nailoni huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Andika juu yake tarehe, saa, nani aliyeifunga, na ukabidhi polisi kwa maandishi.
3. Fika polisi, taarifa ifunguliwe, upate namba ya RB na fomu ya PF3. Lakini mtoto anayetoka damu aende hospitali moja kwa moja. Mwenzako afuatilie fomu. Karatasi isitangulie uhai.
4. Hospitali kaa naye, au awepo mtu anayemwamini. Mtoto aelezwe kila kitakachofanyika kabla hakijafanyika. Apimwe mara moja.
5. Hakikisha anaondoka na dawa mkononi na tarehe ya kurudi. Dozi ya PEP ni siku 28. Mwandikie mlezi saa za kumeza, kwa maandishi makubwa.

Wavulana nao hubakwa na kulawitiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba takriban wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana asipokuambia, usidhani hakuna.

Atalala wapi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Usiku wenyewe utakusukuma kwenye jibu la haraka, kwa hiyo jibu lipatikane mchana.

Kwanza, jiulize kama anayeweza kuondoka ni mtuhumiwa. Polisi wakimchukua, mtoto anaweza kubaki kitandani kwake na bibi yake, na hilo ni bora kuliko nyumba ya mgeni. Isipowezekana, tafuta ndugu ambaye hahusiki na hayuko chini ya himaya ya mtuhumiwa; mtembelee kwa macho yako, usimkabidhi mtoto kwa simu. Kisha mlezi wa kuaminika. Makao ya watoto yenye leseni ni hatua ya mwisho, kwa sababu kumtoa mtoto makaoni ni kazi ndefu kuliko kumwingiza.

> ASIPELEKWE HUKO
> ✗ Benchi la kituo cha polisi
> ✗ Mahabusu ya watoto. Mbeya ipo, lakini ni ya watoto wanaotuhumiwa makosa
> ✗ Shule ya Maadilisho Irambo. Huko mtoto huenda kwa amri ya mahakama
> ✗ Gesti
> ✗ Nyumbani kwako

Hilo la mwisho litakuuma. Saa kumi alfajiri, mtoto amelala begani, nyumba yako iko mtaa wa pili. Ukimpeleka, kesho wakili wa mtuhumiwa atasema umemfundisha la kusema, na mtu mwenye nia mbaya atasema makubwa zaidi. Tena umewaonyesha watu wenye hasira mahali unapolala na watoto wako.

Kabla mtoto hajaondoka, uliza dawa. Bibi atasema kwa sauti ya chini, "Huyu anatumia dawa," asitaje zaidi. Umeelewa. Omba chupa na kadi ya CTC, viweke begini mwako mwenyewe, umweleze mlezi mpya faraghani saa ya kumeza tu na umuhimu wa kutoruka. Mtoto aliyeokolewa kwenye kipigo asikose ARV wiki nzima kwa sababu ya haraka zetu. Chukua pia sare, madaftari, na kitu kimoja anachokipenda.

Kumwondoa mtoto kwao ni hatua ya muda yenye masharti chini ya Sheria ya Mtoto na kanuni zake. Mkuu wako ajue usiku huo huo, na maandalizi ya kupeleka shauri mahakamani yaanze siku ya kazi inayofuata. Mbeya ni miongoni mwa miji michache nchini yenye Mahakama ya Watoto iliyotengwa, itumie.

"Afisa, sisi ni ndugu, tutakaa"

Utaisikia sentensi hii. Huja na kiti kizuri, chai ya maziwa, wakati mwingine na bahasha. Mzee atakueleza kwamba mambo ya ndani humalizwa ndani, mtuhumiwa atatoa ng'ombe au atalipia matibabu, na mama wa mtoto ataitikia kwa kichwa huku akiangalia sakafu.

Usibishane na mila mbele ya watu. Sema: "Mzee, kikao cha ukoo ni haki yenu, na siwazuii kukaa. Ila hili ni la jinai. Si mimi wala ninyi wenye uwezo wa kulifuta. Mtoto kwanza aende hospitali." Kumbaka mtoto kuna adhabu ya kuanzia miaka 30 jela, na aliye chini ya miaka 10 kifungo cha maisha; ng'ombe habadilishi hesabu hiyo. Usisaini karatasi yoyote ya makubaliano, hata kama shahidi tu. Andika waliokuwepo, nani alisema nini. Bahasha irudi mbele ya mashahidi na iandikwe daftarini.

Mwangalie mama. Anayeitikia kwa kichwa huenda anategemea unga wa nyumba hiyo. Mtafute peke yake jikoni, muulize anaogopa nini. Mara nyingi shauri hufia hapo, kwenye swali la nani atawalisha.

Binti wa stendi

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, stendi haziko tupu tena. Utaitwa kwa binti wa miaka kumi na mitatu mwenye begi la shangazi kaja, ametoka kijijini Kilolo, Makete au Rungwe, na "dada" aliyeahidi kumpokea hapokei simu. Au anatoka Dar es Salaam kwa tajiri aliyemfukuza bila mshahara.

Usimpandishe basi la kwanza kurudi. Hujui alichokimbia huko. Muulize nani alimtuma, nauli alilipa nani, namba ya huyo mtu ni ipi. Iandike kabla simu yake haijazimika. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kama kuna wakala anayekusanya mabinti, hiyo ni Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na polisi waambiwe hivyo tangu mwanzo. Makondakta, mama lishe na wapiga debe wanaona haya kabla yako. Waachie namba yako na ya 116.

Mtoto aliyekamatwa

Kwa ufupi: aliye chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai, hata kama kaiba nini. Aliye juu ya hapo asichanganywe na watu wazima mahabusu. Omba dhamana kwa mzazi au ndugu usiku huo huo, na angalia mwili wake kama alipigwa kabla ya kufikishwa kituoni.

Asubuhi

> KABLA YA SAA TATU
> ☐ Taarifa ya maandishi: saa, mahali, waliokuwepo, maneno ya mtoto, ulichoamua na sababu
> ☐ Ulichoona kitenganishwe na ulichoambiwa
> ☐ Namba ya RB. PF3 iko kwa nani
> ☐ Mtoto yuko wapi na nani, na nani atamtembelea leo
> ☐ Dawa: zimeanza saa ngapi, dozi inayofuata lini
> ☐ Watoto waliobaki nyumbani: nani anawaangalia
> ☐ Kukabidhi kwa afisa wa mchana ana kwa ana, kisha kumjulisha mwenyekiti wa kamati ya kata bila kutaja yasiyomhusu
> ☐ Jina na picha ya mtoto havimo kwenye kundi lolote la WhatsApp

Hicho kipengele cha mwisho kinavunjwa kila mahali, tena na watu wema. Picha ya jeraha hutumwa "kwa ajili ya hatua", na kufikia adhuhuri imefika shuleni kwa mtoto.

Kama umekesha, omba kupumzika, usingoje kupewa. Usiendeshe pikipiki kurudi Mafinga wala Tukuyu ukiwa na usingizi. Tafuta mwenzako mmoja wa fani, halmashauri nyingine ikibidi, mpeane zamu ya kusikilizana bila kutaja majina ya watoto. Na simu yako uichaji kabla hujalala.